Bwana Samaki wa Husby

Wakenya wa Husby, mtaa wetu wa maghorofa kaskazini mwa Stockholm, ndio waliompa jina la Bwana Samaki, na sisi wengine tukalifuata. Walisikia kwamba zamani, kabla ya ukimbizi, alikuwa afisa wa uvuvi huko Uganda, na kwa kuwa kwetu afisa wa kilimo ni Bwana Shamba na wa afya ni Bwana Afya, jina likaja lenyewe. Watoto walimwita hivyo kwenye lifti. Wanawake walimwita hivyo kwenye chumba cha kufulia, kule chini, ambako kila familia ilikuwa na zamu yake. Yeye aliitika. Aliitika kila mara, kwa adabu, lakini kabla ya kuitika alinyamaza kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na anayejizuia kusema. Niliishi ghorofa moja chini yake kwa miaka mingi kabla sijajua maana ya kule kunyamaza.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinama mbele, na alivaa tai hata siku za kazi. Kazi yenyewe ilikuwa machinjioni, upande wa kusini wa Stockholm, ambako aliivua ile tai, akavaa aproni ya mpira na kusukuma matoroli ya nyama mpaka jioni. Waganda wengine waliokimbia miaka ya sabini walikuwa na maradhi ya kuhadithia vyeo vyao. Ukikaa nao kwenye kahawa utasikia habari za magari ya serikali, madereva, nyumba yenye bustani. Bwana Samaki alikuwa na haki ya kusimulia hayo yote, maana aliwahi kuwa nayo. Lakini ukimuuliza alikuwa nani kwao, alisema tu kwamba alikuwa mtumishi wa ziwa, kisha akageuza maneno.

Kiswahili chake kilikuwa cha mwaloni, pale mitumbwi inapoteremsha samaki, kile wanachosemezana wavuvi na wachuuzi kutoka pande zote za Ziwa Viktoria. Alikisema bila haya na bila sarufi. Mkewe, Mama Sanyu, alikuwa mbali na lugha hiyo. Kwake ilikuwa lugha ya askari waliokuja kupekua nyumba yao usiku wa mwisho, kwa hiyo na Wakenya aliongea Kiingereza, na pale ambapo hapana budi alisema Kiswahili polepole, kila neno akiliweka chini kama sahani. Binti yao Sanyu alielewa lugha zote za wazazi wake na kuzijibu zote kwa Kiswidi.

Mimi alinipenda kwa sababu ya nilikotoka. Siku tuliyofahamiana, tukingojea treni hapo kituoni Husby, aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Musoma. Akaniuliza kama ni Musoma ya ziwani au ya ndani ndani. Nikasema ziwani, mama yangu alikuwa akikausha furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kuwapeleka mnadani. Treni ikaja, tukapanda, akakaa mbali nami. Nilidhani nimemkosea. Kesho yake akabisha mlangoni kwangu akiwa na mfuko wa viazi, na tangu siku ile akawa ananiita Musoma, kama vile sina jina jingine.

Alipenda samaki kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na hakuna mtu aliyemla kwa shida kama yeye. Jumamosi alinunua wale samaki wadogo wa Bahari ya Baltiki ambao Waswidi huwaita strömming, akawakaanga kwa kitunguu na limau mpaka ngazi nzima ikanukia, naye akawala kwa vidole, akifumba macho. Lakini Sanyu akinyoosha mkono mara ya pili, baba alivuta sahani. Wakati ule ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba wasichana na kina mama wachanga wasile sana samaki wa bahari ile, kwa ajili ya sumu za viwandani zilizojikusanya kwenye mafuta yao. Sanyu alimwambia baba yake kwamba yeye ni mtu wa ajabu, anayepika chakula kisha anakiogopa. Bwana Samaki alimjibu kwamba hamwogopi samaki, anaogopa watu waliomfikia samaki kabla yake.

Alikuwa mpole, lakini niliwahi kumwona amekasirika hadharani, na kwa jambo ambalo kwetu sote lilikuwa dogo. Watoto wa jengo letu walikuwa na bakuli la samaki wekundu wa mapambo. Familia yao ilikuwa inahama, mama akawaambia wawaachilie samaki wale kwenye Igelbäcken, kile kijito kinachopita uwandani nyuma ya Husby. Ilikuwa huruma tu. Bwana Samaki aliwaona kutoka dirishani. Alishuka na ndala, bila koti, katika baridi ya Aprili, akawakuta wameshafika kwenye daraja, akalinyakua lile bakuli kwa ukali hata binti mdogo akalia. Mama wa watoto alikuja juu kulalamika. Alimwomba radhi mama, akamwomba radhi mtoto, akainama mpaka kimo chake, lakini bakuli hakulirudisha. Aliwafuga samaki wale jikoni kwake miaka kadhaa, mpaka mmoja mmoja akafa kwa uzee. Mama Sanyu alisema hawa ndio wageni pekee ambao mumewe hakuwahi kuwauliza wataondoka lini.

Alikuwa na msemo, nao aliutumia mahali pasipostahili, hata watu wakicheza karata. Alisema, "Kuku akikuponyoka utamwita kwa punje. Samaki haitwi." Tulicheka. Kila mtu ana msemo wake.

Majira ya baridi ndiyo yaliyonionyesha mtu wa ndani. Pale machinjioni kulikuwa na masalio, mizoga ya nguruwe isiyofaa kuuzwa, na aliona kwamba siku fulani fulani gari dogo lilikuja kuichukua. Akauliza. Akaambiwa nyama ile inapelekwa visiwani, nje ya mji, kwa ajili ya ndege. Akadhani hakukisikia vizuri Kiswidi. Akauliza tena, na mwanamke aliyekuwa akiendesha gari lile, mstaafu wa posta mwenye uso uliochomwa na upepo, akamweleza kwa subira. Katika visiwa vile kuna furukombe wa huku kwao, mkubwa kuliko wa kwetu, anayeishi kwa samaki wa bahari. Sumu iliyomwagwa baharini ilipanda kutoka kwa samaki hadi kwa furukombe, mayai yake yakawa na ganda dhaifu, yakapasuka chini ya mama yao, na kwa miaka mingi karibu viota vyote vilikuwa vikikaa tupu. Basi watu wachache waliamua kuwapa nyama safi wakati wa barafu, ili walau kipindi hicho wasile sumu, na vifaranga waliopo wavuke baridi. Dawa zilizoleta madhara zilikuwa zimepigwa marufuku, lakini bahari haijisafishi kwa tangazo. Ilibidi kungoja, na kubeba nyama wakati wa kungoja.

Wiki iliyofuata alikuwa ndani ya gari lile. Alikwenda baridi ile yote, na baridi zilizofuata, siku zake za mapumziko. Mama Sanyu alilalamika kwamba mtu anayeshinda na nyama wiki nzima anakwenda kupumzika na nyama. Alirudi na ndevu zimeganda, ananuka damu, na usoni ana utulivu ambao siku nyingine hakuwa nao.

Mara moja alinichukua. Tuliendesha mpaka mwisho wa barabara, tukavuta mzoga kwa sleji, kigari cha kuteleza, juu ya barafu, bahari yote imekuwa uwanja mweupe. Yule mama wa posta alitangulia akiigonga barafu kwa fimbo yenye ncha ya chuma. Tuliuacha mzoga wazi, tukaingia kwenye kibanda cha mbao kilichofichwa katikati ya misonobari, tukachungulia kwenye tundu. Walikuja kunguru kwanza. Baadaye wakaja wao, wazito, kama milango iliyong'olewa na upepo, wakatua na kutembea juu ya barafu kwa mwendo wa wazee. Mama yule alininong'oneza kwamba yule mwenye mkia wa kahawia ni kifaranga wa mwaka jana, aliyezaliwa visiwani humu humu. Nilimuuliza kwa nini anajitaabisha hivi, na uzee wake. Hakuona kama ni swali gumu. Alisema, "Sisi ndio tulioitia sumu bahari. Nani mwingine aibebe hii nyama?"

Niligeuka nimtafsirie Bwana Samaki, nikisahau kwamba Kiswidi chake ni bora kuliko changu. Alikuwa ameliondoa jicho lake kwenye tundu. Alikuwa akimtazama yule mama kama mtu mwenye njaa anavyotazama meza ya jirani.

Ni wakati wa kurudi, tukimngoja mama yule afunge kibanda, ndipo aliponieleza. Hakuniandaa. Aliniuliza kama mama yangu bado anakausha furu. Nikamwambia hapana, furu hawapo tena. Mama aliniambia kwa simu kwamba siku hizi wavu unatoka na sangara watupu, naye anauza vichwa vya sangara vya kukaanga kando ya barabara. Akasema anajua. Kisha akasema, "Ni mimi niliyemtia."

Sikumwelewa. Akaeleza, akitazama barafu. Kabla ya uhuru, alipokuwa afisa mdogo, katika ofisi yao palikuwa na mabishano. Wengine walitaka sangara aletwe kutoka maji ya chini, ya Mto Nili, atiwe ziwani awe chakula na kitoweo cha biashara. Wengine walisema tusubiri, hatujui atafanya nini. Ziwa lilikuwa na furu wa aina nyingi mno, wengine hawajapewa hata majina: huyu anakwangua mawe, yule anavunja konokono, huyu analea watoto mdomoni. Wakubwa wake walikuwa Wazungu na uamuzi ulikuwa wao. Lakini walimuuliza na yeye, Mwafrika kijana mwenye cheti, na alisimama mbele yao akasema kwamba furu ni mifupa mitupu, na kwamba ingekuwa busara kuigeuza ile mifupa kuwa nyama. Walimpigia meza kwa kumsifu. Na waliposema apelekwe mtu wa kuwasafirisha vifaranga wa sangara, alijitolea.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Alipoanza kusimulia safari ile ya lori, sauti yake ilibadilika, ikachangamka. Wenzake waliojaribu kabla yake, samaki waliwafia njiani. Yeye alisimamisha lori kila penye kivuli, akabadilisha maji ya madebe, akayapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli, akaimba ili dereva asilale. Walifika hai. Aliyainamisha madebe kwa mkono wake, akawaona wanaingia ziwani, wadogo kama vidole. "Hawakunifia, Musoma," alisema, na kwa kitambo kidogo alikuwa kijana tena, mwenye fahari. Kisha akasikia alichokisema. Akafunika mdomo kwa glavu yake yenye damu.

Nilijua ananingoja niseme kitu. Nilikuwa mtu wa ziwa wa kwanza kuambiwa, na ilikuwa kama pwani yote ya Mara imesimama nyuma yangu kusikiliza. Lakini ningesema nini? Mama yangu alikuwa amempoteza furu, na vichwa vya sangara vilikuwa vimemwezekea nyumba bati. Nilimwambia kwamba hata asingekuwa yeye, angekuwa mwingine. Akatikisa kichwa. Alisema maneno hayo amejiambia mwenyewe mara nyingi, na yana ubaya mmoja: ni kweli, na hayasaidii. Yule mama wa posta alitufikia, akachukua kamba ya sleji. Bwana Samaki akaipokea mikononi mwake, akatangulia kuivuta.

Hali haikuwa rahisi zaidi kwa sababu dunia yetu ndogo ya Husby ilimpenda samaki yule. Akinyi, aliyekuwa akisaidia wazee majumbani huko Farsta, alikuwa anatoka karibu na Kisumu, na kwao mbuta, kama wanavyomwita wao, alikuwa amefanya makubwa. Mwaka mmoja alikwenda likizo, akarudi na vipande vya mbuta wa kukaushwa kwa moshi, akavipika kwenye sikukuu yetu ya mwisho wa mwaka, katika ukumbi wa jengo. Tulikuwa watu wa nchi zote, Wakongo kwa Kifaransa chao, Warundi, sisi Watanzania tukimsahihisha kila mtu Kiswahili. Akinyi alichagua kipande kinono kuliko vyote, akakipeleka kwa Bwana Samaki mbele ya wote, kwa heshima, akatangaza kwamba huyu ni mzee aliyehudumia ziwa letu, na kwamba samaki huyu ndiye aliyewasomesha wadogo zake, mmoja sasa ni mwalimu, mwingine yuko chuo cha ufundi. Watu wakapiga makofi.

Bwana Samaki aliinuka. Nilidhani atatoa shukrani. Aliiweka sahani juu ya kiti, taratibu, akatoka nje.

Akinyi aliumia, na alikuwa na haki. Siku chache baadaye Bwana Samaki alikwenda kwake kuomba radhi, akanivuta niende naye, nikakaa kwenye kochi nikisikiliza anavyomweleza mambo yote, lori, madebe, furu. Akinyi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliuliza, "Kwa hiyo mzee, ungependa wadogo zangu wasingesoma?"

Akinyi akaongeza kwamba bibi yake pia alilia furu walipokwisha, kwa hiyo asidhani yeye ndiye pekee anayewakumbuka. Halafu akaenda jikoni, akapasha moto kipande kilichobaki cha mbuta, akamletea. Alikila. Alikila chote, akitafuna polepole kama mtoto mbele ya dawa, na alipomaliza alimshukuru. Kwenye ngazi aliniambia kwamba ni mtamu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Serikali ilipobadilika Kampala, Waganda wengi walianza kwenda kuangalia kama nyumba zao bado zipo. Bwana Samaki alikwenda peke yake, akakaa karibu mwezi. Aliporudi hakutembelea mtu. Majira ya kuchipua, siku moja ya jua, nilikuwa natoka kazini kwa miguu kutoka Kista nikamkuta amesimama kwenye Igelbäcken, kwenye lile daraja la mbao, na tai yake imelegezwa. Nilimwamkia, akaitika, akanionyesha majini. Kuna kisamaki kidogo katika kijito kile, kirefu kama kidole, chenye masharubu, kinachojificha chini ya mawe; Waswidi wanakichunga kama almasi. Sikukiona. Alisema hata yeye hakioni, anajua tu kwamba kipo.

Kisha akanisimulia safari yake. Alikuwa amekwenda kuungama. Alipanda basi mpaka kwenye mwalo ule ule alikoyainamisha madebe, akauliza wazee wa hapo, akakusanya wavuvi waliokuwa na nafasi, akawaambia waziwazi kwamba samaki huyu hakuja mwenyewe; yeye ndiye aliyemleta. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kipigo. Walimkalisha kwenye kiti pekee kilichokuwepo, wakamchinjia jogoo. Walimshukuru. Mmoja alimwonyesha mashine ya boti aliyonunua, mwingine alimletea mtoto mchanga amguse kichwa kwa baraka. "Nilikwenda na kosa langu," aliniambia, "wakalipokea kama zawadi. Sasa nilipeleke wapi?"

Ni bibi mmoja tu ambaye hakushangilia. Alimngoja mpaka wengine wakatawanyika. Kwa Waganda furu huitwa nkejje, na mtoto akiugua surua ndicho chakula anachopewa. Bibi yule alimwambia kwamba mjukuu wake aliugua, naye aliuzunguka mwalo mzima asipate hata mmoja wa kumpikia. Mtoto alipona, lakini bibi hakusahau ule mzunguko. Bwana Samaki alimwomba tu amsamehe. Bibi akamwambia aache kumsumbua kwa msamaha, avue viatu, amfuate.

Walitembea kwenye matope, katikati ya mafunjo marefu kuliko watu, mpaka wakafika kwenye kidimbwi kikubwa, kijiziwa chenye maji meusi, kilichofungwa na mafunjo pande zote. Bibi alikuwa na mgono humo, ule mtego wa kusuka kwa fito. Aliuinua, maji yakachuruzika, na ndani walikuwamo nkejje. Walikuwa hai, wa rangi tofauti, wengine aliowafahamu na wengine aliodhani hawapo tena duniani. Mafunjo yanaifanya hewa ya maji yale kuwa haba, na sangara hawezi kuvuka, wadogo wanavumilia. Bwana Samaki alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya safari. Bibi alimcheka, akarudisha mgono.

Nilimwambia hiyo ni habari njema. Alisema ndiyo, na ndiyo sababu hapati usingizi. Vijana wa mwalo ule walikuwa na mpango wa kuyakata mafunjo, wachimbe mfereji, boti zipite moja kwa moja badala ya kuzunguka. Mfereji ukifunguliwa maji yatachanganyika, na sangara ataingia. Aliwasihi waache. Walimsikiliza kwa heshima, maana ndiye baba wa sangara, kisha wakamuuliza, mzee, wewe unakaa Ulaya, utajuaje sisi tunapita wapi? Anayekaa hapa ndiye mwenye neno.

"Kwa hiyo unarudi," nikasema.

Alisema tiketi tayari anayo. Mama Sanyu hajui.

Tulisimama pale mpaka miguu ikaingia baridi. Nilimuuliza atamwambia lini, akasema leo, na akaniomba nipande naye. Sikutaka, maana mambo ya mume na mke hayana mgeni, lakini alikuwa amenishika mkono wa koti.

Niseme mapema kwamba alikwenda, mwaka uliofuata, na Mama Sanyu ndiye aliyemfungia sanduku. Nilisikia baadaye kwamba alijenga kibanda karibu na mafunjo yale, akawa anawazuia wavuvi kwa maneno tu, siku baada ya siku, na kwamba mwaka ule mfereji haukuchimbwa. Sijui baada ya hapo. Lakini ninapomkumbuka simkumbuki kwenye uwanja wa ndege akiwa na sanduku, bali jioni ile jikoni kwao.

Mama Sanyu alikuwa anapiga pasi gauni lake la kazi. Alikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee, na zamu ilikuwa kesho alfajiri. Sanyu alikuwa mezani na vitabu. Bwana Samaki hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni, kuhusu bibi, kijiziwa, mfereji, na akamalizia na tiketi. Sanyu aliuliza kwa Kiswidi kama ina maana baba anahama. Mama Sanyu aliendelea na pasi mpaka mwisho wa mkono wa gauni, akaigeuza, akaanza mkono wa pili.

Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha polepole, nadhani ili na mimi nisikie:

"Ulipowatia wale samaki ziwani, uliuliza nani?"

Mumewe akasema hakumuuliza mtu.

"Na leo. Umekuja kuniuliza, au umekuja kuniambia?"

Mkono wa mumewe ulikuwa mfukoni, na nilijua tiketi iko humo. Nilimwona akimtazama Sanyu, ambaye alikuwa ameacha kuandika. Mvuke wa pasi ulipanda kati yao, na mahali fulani chini yetu lifti iligonga ikafunguka.

"Nilikuja kukuambia," akasema. Akautoa mkono mfukoni, mtupu. "Lakini nakuuliza."

Mama Sanyu akaisimamisha pasi kwenye kitako chake. Akavuta kiti kwa mguu, akamsogezea.

"Basi kaa chini," alisema, "uulize vizuri."

Aliketi. Nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu.